Masinde Muliro: Mwanafunzi wa Tororo Aliyekubali Kufutwa Uwaziri

Kama wewe ni wa upande wa Kenya, jina la Masinde Muliro umeliona kwenye lango la chuo kikuu pale Kakamega, na huenda mtoto wako anasoma humo. Kama wewe ni wa Tororo, Mbale au Busia ya Uganda, pengine jina hilo unalisikia kama la jirani tu. Basi wacha nikuambie: huyu mtu ni wenu pia. Masomo yaliyomfungulia dunia aliyapata hapo hapo Tororo, chini ya lile jiwe mnalolipita kila siku.

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja, maana kila nikimtaja mtu huuliza. Huyu si Elijah Masinde. Elijah Masinde ndiye aliyeongoza Dini ya Msambwa, na wafuasi wa dini hiyo ndio waliopigwa risasi na polisi pale Malakisi mwezi wa Februari 1948, wakafa watu 11. Wote wawili walitoka upande wa Kimilili, na wote wawili serikali iliwachoka kwa wakati wake, lakini ni watu wawili tofauti. Ninayemsimulia hapa ni Henry Pius Masinde Muliro, mwalimu na mbunge, aliyezaliwa kijiji cha Matili mwaka wa 1922.

Mwaka huo wa 1922 mpaka tunaouvuka leo ulikuwa na umri wa miaka 20 tu. Hebu fikiria. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, kuanzia Tororo, ipite Busia na Kimilili mpaka ifike Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza wakahamisha mstari kwenye karatasi, na Samia na Teso wakaamka wakiwa na serikali mbili. Kwa hiyo mzee wa Kimilili aliyempeleka kijana shule Tororo hakuona kama anampeleka ng'ambo. Alimpeleka kwa jirani.

Muliro alipoteza wazazi wake angali mdogo, akalelewa na kaka yake mkubwa. Wewe uliyelelewa na kaka au shangazi unajua maana yake: karo haina mwenyewe, na kila muhula ni mjadala nyumbani. Familia ilikuwa ya Kikatoliki, na njia ya masomo ya juu kwa kijana wa misheni wa pande hizi ilipita kwa mapadri wa Mill Hill. Mapadri hao ndio waliokuwa na shule ya St. Peter's pale Tororo. Reli nayo ilikuwa imeshafika. Njia kuu ya kwenda Uganda ilipita Eldoret, ikashuka Bungoma, ikavuka Malaba na kuingia Tororo. Kijana wa Kimilili angeweza kufika huko kwa treni ile ile iliyobeba pamba.

Tororo ilimpa kitu ambacho shule nyingi za Kenya za wakati ule zisingempa, nacho ni kukaa bweni moja na vijana wa makabila asiyoyajua. Wapadhola, Wateso, Wasamia, Wagisu, na wengine kutoka mbali zaidi. Mimi naamini, na unaweza kunipinga, kwamba hapo ndipo alipojifunza kuzungumza na mtu wa kabila lingine bila kumtazama kwa jicho la pembeni. Baadaye, kwenye siasa, alilisahau somo hilo mara moja. Tutafika huko.

Kutoka hapo alikwenda mbali kweli. Mwaka 1949 aliingia Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, akasoma historia, falsafa na elimu. Angalia huo mwaka vizuri. Chama cha makaburu kilikuwa kimeshika serikali mwaka mmoja tu kabla, 1948, na sheria za ubaguzi zilikuwa zinatungwa moja baada ya nyingine: ya kukataza Mzungu kuoa asiye Mzungu, ya kumwandika kila mtu rangi yake kwenye daftari la serikali, ya kugawanya mitaa kwa rangi. Kijana wa Kimilili aliketi darasani akisoma falsafa huku nje ya dirisha nchi inageuzwa gereza. Alirudi nyumbani mwaka 1954 akiwa na shahada na mke wa kutoka huko huko Afrika Kusini.

Na nyumbani nako kulikuwa moto. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, Kenyatta alikuwa amefungwa, chama cha KAU kilipigwa marufuku Juni 1953. Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama cha siasa kabisa, na ruhusa iliporudi mwaka 1955 ilikuwa ya vyama vya wilaya tu. Muliro akashika chaki. Alifundisha Alliance ya wasichana, kisha chuo cha ualimu cha Siriba, pale Maseno. Kazi nzuri, mshahara wa uhakika, nyumba ya mwalimu. Mwenye busara ya kawaida angetulia hapo.

Machi 1957 ukafika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 kwa nchi nzima. Nane tu! Na kupiga kura hakukuwa kwa kila mtu. Ilibidi uwe na elimu fulani, au mapato fulani, au mali, au utumishi serikalini. Mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura mbili, hata tatu, wakati jirani yake mwenye shamba dogo la mihogo hana hata moja. Akina mama walioingia kwenye daftari walikuwa wachache sana. Huo ndio uchaguzi alioingia Muliro, kwenye kiti cha North Nyanza.

Sasa wewe wa Busia, sikiliza. North Nyanza wakati ule haikuwa Kakamega peke yake. Vihiga ilikuwa humo, Bungoma ilikuwa humo, na Samia, Bukhayo, Marach na Teso ya upande wa Kenya zilikuwa humo pia. Kwa hiyo aliyeshinda kiti hicho ndiye aliyekuwa mbunge wa kwanza wa kuchaguliwa wa babu zetu wa mpakani, iwe walipewa kura au hawakupewa.

Na aliyekuwa amekikalia kiti hicho alikuwa mwana wa Samia. Huyo ni W.W.W. Awori, Waswa Awori, mwandishi wa magazeti na aliyekuwa mweka hazina wa KAU. Baba yake alikuwa Kanoni Jeremiah Awori wa Kanisa la Anglikana, jina linalojulikana pande zote mbili za mpaka. Waswa alikuwa barazani tangu 1952, katika miaka ambayo kusema neno moja lililopinda kungekupeleka kizuizini. Hakuwa mtu wa kudharauliwa. Lakini alikuwa mbunge wa kuteuliwa na serikali, na mwaka 1957 watu walitaka wa kwao wenyewe. Muliro akamshinda.

Naomba dakika moja hapa, maana nyumba hiyo ya Awori ni kioo cha mpaka wetu. Wadogo wawili wa Waswa waliingia siasa baadaye. Moody akawa mbunge wa Funyula na makamu wa rais wa Kenya. Aggrey akawa mbunge wa Samia Bugwe Kaskazini, Busia ya Uganda, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri huko. Baba mmoja, mabunge mawili. Mtu wa Nairobi ukimwambia hilo atashangaa. Wewe hushangai, kwa sababu huenda hata kwenu kuna kitambulisho cha kila upande.

Turudi kwa Muliro. Wale wanane walioingia ni majina makubwa: Odinga, Mboya, Moi, Ngala, Mate, Muimi, Oguda, na yeye. Walikubaliana mapema kutopokea uwaziri wowote mpaka katiba ibadilishwe, na serikali ikalazimika kuongeza viti sita vya Waafrika mwaka 1958. Umoja huo haukudumu. Mwaka 1959 Muliro aliongoza Kenya National Party, chama kilichokubali Waafrika, Wahindi na Wazungu pamoja. Odinga na Mboya wakakataa wakaanzisha chao. Muliro aliitwa kibaraka. Ukiangalia alikotoka, Cape Town, unaelewa kwa nini alitaka chama kisichouliza rangi. Lakini siasa haikumpa nafasi ya kueleza hayo.

Juni 1960 makabila madogo, yakiogopa kumezwa na Wakikuyu na Wajaluo, yaliunda KADU kule Ngong. Ngala akawa kiongozi, Muliro naibu wake. Mwaka uliofuata KANU ilipata viti vingi zaidi lakini ikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado amefungwa, basi KADU ikaingia, na Muliro akawa waziri wa biashara, viwanda na mawasiliano.

Hapa ndipo niliposema alisahau somo la bweni. KADU ilitaka majimbo, na majimbo yanataka mipaka, na mipaka inataka kujua nani ni wa wapi. Muliro aliitaka Kitale. Alitaka Trans Nzoia, ile nchi ya mahindi iliyokuwa mikononi mwa walowezi, iwe ndani ya jimbo la Magharibi pamoja na Bungoma na Busia. Wakalenjin walioketi naye chama kimoja waliitaka hiyo hiyo. Tume ya mipaka ya mwaka 1962 ikaiweka Bonde la Ufa. Maneno yaliyosemwa kwenye mikutano ya miaka ile hayakuwa mazuri, kutoka kila upande, na Muliro alikuwa na sehemu yake. Watu wetu wengi walikwenda kununua mashamba kule, Wabukusu, Wateso, watu wa Busia waliochoshwa na vishamba vya nusu ekari, na swali la nani mwenyeji na nani mgeni liliendelea kuwafuata huko huko shambani. Sitaki kumpaka mtu mafuta kwa sababu tu amekufa. Hilo lilikuwa kosa lake.

KADU ilivunjwa Novemba 1964, wote wakavuka kuingia KANU. Miaka michache nitaipita haraka. Muliro mwenyewe alihamia Kitale, akawa mbunge wa huko, na mwaka 1969 Kenyatta akamfanya waziri wa vyama vya ushirika na huduma za jamii. Kwa mkulima wa pamba wa Busia au wa kahawa wa Bungoma hiyo haikuwa wizara ndogo, maana pesa ya mavuno ilipitia ushirika, na ushirika ukiliwa, mkulima ndiye anayelala njaa. Baada ya uchaguzi wa 1974 akahamishiwa wizara ya ujenzi. Barabara, madaraja, majengo ya serikali. Wizara ambayo mtu akitaka kutajirika hahitaji hata kujificha. Muliro alitoka humo bila sifa ya wizi, na hilo hata maadui zake walimkubalia.

Sasa tufike kwenye siku iliyonifanya niandike habari hii.

Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, yule waliyemwita JM, aliuawa, mwili wake ukapatikana vilima vya Ngong. JM alikuwa tajiri aliyesema kwa ajili ya maskini, na nchi ilitikisika. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza, na mwenyekiti alikuwa mtu wa kwetu, Elijah Mwangale wa Bungoma. Kamati ilifanya kazi yake kwa ujasiri. Ripoti ilipokuwa tayari kuwekwa mezani, Kenyatta mwenyewe aliagiza majina ya watu wawili wa karibu naye yaondolewe. Yakaondolewa. Hata hivyo iliyobaki ilitosha kuwatia hofu wakubwa wa polisi.

Juni, Bunge likajadili. Serikali haikutaka ripoti ipitishwe. Ilitaka Bunge liseme tu kwamba imeiona, halafu iwekwe kabatini. Unajua tofauti ya maneno hayo mawili hata kama hujawahi kuingia Bungeni. Ni kama mzee wa kanisa aliyeletewa kesi ya fedha zilizopotea akasema amesikia, kisha akaendelea na matangazo.

Waziri anafungwa na serikali yake. Akipinga, amejifuta mwenyewe. Muliro alilijua hilo kuliko wengi, alikuwa siasani kwa miaka 18. Alikuwa na gari la bendera, dereva, mshahara wa waziri, na umri wa karibu miaka 53, umri ambao mtu haanzi tena kutafuta kazi. Na kulikuwa na jambo zito kuliko kazi: JM alikuwa ameuawa, na waliomuua hawakujulikana wamelala wapi. Kura yenyewe haikuwa ya siri. Kila mtu alimwona mwenzake anakwenda upande gani.

Muliro akaenda upande wa kupitisha ripoti. John Keen, waziri msaidizi katika wizara yake mwenyewe, akaenda. Peter Kibisu wa Vihiga, waziri msaidizi mwingine, akaenda.

Hesabu ilitoka 62 kwa 59. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Hao watatu wangefuata serikali, ingekuwa 59 kwa 62, na ripoti ingekufa siku hiyo. Wote watatu walifutwa kazi mara moja.

Kuna watu husema haikusaidia kitu, kwa sababu muuaji wa JM hajahukumiwa mpaka leo. Ni kweli hajahukumiwa. Lakini ripoti ile imebaki kuwa hati ya Bunge la Kenya na si fununu ya mitaani. Mtu anaweza kuifungua na kuisoma. Na ilibaki hivyo kwa sababu ya kura tatu, moja yake ya yatima wa Matili. Oktoba mwaka ule ule Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet walikamatwa ndani ya viwanja vya Bunge na kuwekwa kizuizini, kwa maneno waliyosema kikaoni kuhusu KANU. Kwa hiyo usidhani Muliro alikuwa anaogopa kivuli. Hatari ilikuwepo, na ilikuwa na anwani.

Hakurudi tena kwenye baraza la mawaziri. Miaka ya Kenyatta ikaisha, ikaja ya Moi, aliyekuwa mwenzake katika wale wanane na katika KADU. Urafiki wa zamani haukumletea cheo. Mwaka 1982 sheria ikafanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, na mwaka 1988 ikaja mlolongo, wapiga kura wakapangwa nyuma ya mgombea au picha yake kama watoto wa gwaride. Kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu! Wewe uliyekuwepo unakumbuka, na ndugu zetu wa Tororo na Mbale, ambao wakati huo walikuwa wanatoka kwenye miaka mibaya kuliko yetu, walikuwa wakituuliza kulikoni.

Agosti 1991 wazee sita wakatangaza FORD: Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bahmariz. Idadi ilikuwa sita kwa hesabu, maana sheria ya vyama iligusa kikundi cha watu wengi zaidi ya hapo. Kwa Odinga na Muliro ilikuwa ni kupatana baada ya zaidi ya miaka 30, tangu ule ugomvi wa 1959. Tarehe 16 Novemba waliitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, bila kibali. Polisi wakaujaza mji na viongozi kadhaa wakakamatwa. Siku chache baadaye nchi wafadhili zikasimamisha misaada mipya, na mwanzoni mwa Desemba, pale Kasarani, Moi akakubali vyama vingi virudi.

Kilichofuata kinauma. FORD ilikuwa na nguvu ya kushinda, lakini kila mkubwa alitaka kuwa rais. Odinga alitaka, Kenneth Matiba alitaka. Muliro naye alitaka, lakini wengi walimtazama kama mtu ambaye pande zote mbili zingeweza kumvumilia: hakuwa Mjaluo wala Mkikuyu, hakuwa na madoa ya wizi, na mwaka 1975 alikuwa amekwisha kulipa ada yake. Alisafiri kwenda London kutafuta msaada kwa ajili ya kampeni. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1992 ndege yake ilitua Nairobi, na hapo hapo uwanjani akaanguka akafa. Alikuwa na miaka 70.

Maneno mengi yamesemwa juu ya kifo hicho, na mpaka leo ukipita Kitale utayasikia. Mimi sitayaongeza kwenye kurasa hizi.

Miezi miwili baadaye FORD ilipasuka vipande viwili, FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba. Tarehe 29 Desemba Moi alishinda kwa karibu asilimia 36 ya kura, waliobaki wakagawana nyingine zote. Lakini siku hiyo watu wa Amagoro, Nambale na Funyula hawakupangwa nyuma ya picha. Waliingia mmoja mmoja kwenye kibanda, na kwenye karatasi waliyopewa kulikuwa na chama zaidi ya kimoja.